Kukopia, kusaidiana au wizi wa pointi: mstari tuuchore wapi?

Mwalimu_wa_Katuba

Jambo kwenu, walimu na wazazi. Shule ya sekondari moja hapa Katuba, Lubumbashi, inaandika upya ukurasa wa kanuni za ndani unaohusu udanganyifu. Ukurasa wa zamani una sentensi moja tu: "Udanganyifu wowote unaadhibiwa kwa sifuri." Shida iko kwenye hilo "wowote". Mwalimu wa Kifaransa anasema kutumia ChatGPT ni wizi, wa jiografia anaruhusu. Wa hisabati anaacha watoto wafanye mazoezi pamoja nyumbani, kisha anakasirika akipata kopi (karatasi za majibu) kumi na mbili zinazofanana. Finaliste (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) wananunua mikusanyo ya item (maswali ya kuchagua jibu) za miaka iliyopita za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kuzikariri: hayo ni maandalizi au ni nini? Na yule anayeinua kopi yake kidogo ili jirani aone, tumwite nani?

Naomba msaada kwa mambo mawili: nini kiandikwe kuwa ni udanganyifu, na namna ya kuupunguza katika darasa la watoto 60, benchi za watu watatu, maswali yakiandikwa ubaoni kwa sababu fotokopi ni pesa. Tafadhali msinijibu "wafundisheni maadili". Somo la uraia na maadili lipo kwenye ratiba tayari, na hata mtihani wake wanaukopia.

Prefe_Kampemba

Mwalimu, anzeni na pointi kabla ya kumtazama mtoto. Pointi iliyo kwenye bulteni (ripoti ya matokeo ya mtoto) ni neno ambalo shule inampa mzazi: mtoto huyu, akiwa peke yake, anaweza jambo hili. Chochote kinachofanya neno hilo liwe uongo ni udanganyifu, hata kama hakuna karatasi iliyofichwa mahali. Ukishika hapo, kesi nyingi zinajibika.

Item za zamani za Exetat ni maandalizi halali, zimeshatoka na kila mtu anaweza kuzipata. Lakini mwalimu anayerudisha mtihani uleule wa mwaka jana, neno kwa neno, amefungua mlango mwenyewe; mtoto aliyeusoma kwenye daftari la kaka yake hajavunja kanuni yoyote. Anayeinua kopi anashiriki, na kosa lake liandikwe wazi, kwa sababu watoto wengi wanaamini kwamba anayetoa hana kosa, mwenye kosa ni anayechukua. Aliyekopiwa bila kujua aachwe. Kuwa na karatasi ya majibu mfukoni bila kuitoa ni kosa pia, ila dogo kuliko kuitumia, na kanuni yenu itofautishe.

Kwa kazi za nyumbani, mwalimu aandike juu ya kila kazi moja kati ya mistari hii mitatu: "Peke yako." "Jadilianeni, kila mtu aandike yake." "Msaada wote unaruhusiwa, taja uliyekusaidia." Ubaoni inachukua nusu dakika. Na muweke kwenye kanuni kwamba mwalimu ambaye hakuandika mstari hana haki ya kumwadhibu mtoto kwa kufanya pamoja na wenzake. Walimu watalalamika wiki mbili, kisha watazoea. Hao watoto kumi na wawili wa hisabati hawana kosa: waliambiwa wafanye pamoja, na hakuna aliyewaambia kuandika kunafanywa namna gani.

Jambo moja ambalo kanuni nyingi zinaruka. Pointi zinazouzwa na mwalimu, kwa pesa au kwa kulazimisha wanafunzi kununua silabasi yake (notes za somo lake), ziwe ukurasa huohuo, zisitengwe. Na mwalimu anayemdai msichana mwili ili ampe pointi, hilo si suala la kanuni za ndani tena. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu unyanyasaji huo, na msichana asiandikwe popote kama mshiriki wa udanganyifu.

Fizikia_BelAir

Nakubaliana na Prefe, naongeza upande wa vitendo.

Kwenye benchi za watu watatu, wengi wanafanya série (matoleo tofauti ya mtihani) mbili, A na B. Haitoshi: kwa mpangilio wa A-B-A kila mstari, aliye nyuma yako ana série yako. Série tatu pia zina tundu. Ukipanga ABC, nyuma yake BCA, nyuma yake CAB, mbele na pembeni ni salama, lakini mshazari mmoja unabaki na série ileile, na kutazama kwa mshazari juu ya bega la mwenzako ndiko rahisi kuliko kote. Tumieni nne. Mstari wa kwanza, benchi tatu sambamba: ABC, DAB, CDA. Mstari wa pili anzeni na C: CDA, BCD, ABC. Wa tatu unarudi kama wa kwanza, wa nne kama wa pili. Chora kwenye karatasi uhakikishe: hakuna jirani wa kushoto, kulia, mbele, nyuma wala mshazari mwenye herufi yako, hata ng'ambo ya kijia.

Fotokopi hazihitajiki. Bandika kijikaratasi chenye herufi kwenye kila nafasi kabla watoto hawajaingia. Ubaoni andika swali moja na thamani nne. Mfano wa kuanguka huru: "Jiwe linaachwa lianguke kutoka urefu h. Tafuta muda na kasi ya kufika chini. g = 10 m/s². A: h = 20 m. B: 45 m. C: 80 m. D: 125 m." Majibu ni sekunde 2, 3, 4 na 5, kasi 20, 30, 40 na 50. Chagueni namba zinazotoa jibu zima namna hiyo, la sivyo série moja itakuwa ngumu kuliko nyingine na wazazi watakuja na haki yao. Faida ya pili ni kwamba aliye B akiandika sekunde 2 bila hesabu inayoeleweka, kopi yenyewe inasema alitazama wapi.

Linaloharibu mpango huu: watoto kuhama nafasi mwalimu akigeukia ubao. Dakika ya tano pita na orodha, andika herufi ya kila mmoja pembeni ya jina lake. Bila orodha hiyo, mtoto atasema alikaa kwenye A na hutakuwa na la kujibu.

Usimamizi. Watu wawili kwa watoto 60, mmoja akae nyuma kabisa, asitembee ovyo. Mtoto asiyeyaona macho ya msimamizi hajui kama anatazamwa, na hiyo inazuia kuliko kelele zote za mbele. Msimamizi asisahihishe kopi za darasa lingine wala kushika telefone. Ukitafuta mahali ambapo mitihani yetu inavuja, tafuta kwanza hapo, kabla ya kupekua soksi za watoto.

Vitu vya kutazama kabla ya kengele: maandishi ya penseli kwenye benchi (futa kwa kitambaa chenye maji), kifuniko cha kalkuleta (kibaki kwenye mfuko), upande wa nyuma wa rula, karatasi iliyoviringwa ndani ya biki (kalamu) isiyopitisha mwanga. Karatasi za brouillon (za kuandikia rasimu) zitolewe na shule zikiwa na muhuri, rangi ya wino ibadilike kila siku. La sivyo mtoto analeta brouillon iliyokwisha jazwa nyumbani na kuichanganya na nyeupe. Chooni mmoja mmoja, saa ya kutoka na ya kurudi iandikwe.

Mama_wa_Wanne

Walimu, nawasikia, lakini mnaanzia mwisho. Mtoto anafukuzwa wiki ya pili ya mwezi kwa sababu ya minervali (karo ya shule), anarudi baada ya siku nne, wenzake wamepita sura nzima, na interro (jaribio fupi la darasani) ni kesho yake. Kopi za kuandika notes hana. Atafanya nini? Elimu bure ya 2019 ilikuja kwa shule ya msingi. Sekondari mzazi analipa, na kurudia mwaka ni kulipa mara mbili. Mtoto anajua hesabu hiyo vizuri, anasikia nyumbani kila jioni.

Na sisi wazazi tusijifiche. Ile ramani ya Kongo nzuri iliyopakwa rangi, ya mtoto wa miaka kumi na tatu, nani aliichora? Mwalimu anaijua mikono ya watu wazima na bado anaipa 10 kwa 10.

Kasapa_L2

Mama amesema kweli kuhusu sababu, ila kuna watoto wanaolipiwa vizuri na bado wanakopia, kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi.

Wa kwanza kufanya uchunguzi mkubwa wa jambo hili Marekani ni Bowers, mwaka 1964, kwenye vyuo 99. Robo tatu ya wanafunzi walikiri kwamba waliwahi kudanganya angalau mara moja. Huo ni wakati ambao hakuna telefone wala intaneti, wale wanaosema ni ugonjwa wa kizazi hiki watafute maneno mengine. Baadaye, mwaka 1993, McCabe na Treviño walionyesha kwamba kati ya vitu walivyopima, kilichovuta kwa nguvu zaidi ni yale ambayo mwanafunzi anaona wenzake wanafanya. Akiona nusu ya darasa wanakopia na hakuna linalotokea, asiyekopia anajiona mjinga anayejipunguzia nafasi.

Kwetu ongezeni mambo mawili. Moja ni aibu ya kukataa. Mwenzako akikugonga mguu akitaka jibu la tatu na ukajifanya husikii, utaitwa mwenye roho mbaya mpaka mwisho wa mwaka, na siku unahitaji kopi ya notes hakuna atakayekupa. Kumwambia mtoto "kataa tu" ni kumwomba awe adui wa darasa. Série nne za Mwalimu wa Fizikia zinamwondolea mzigo huo: anaweza kusema "sina swali lako" na ni kweli.

La pili ni lugha. Mtoto anasoma biolojia kwa Kifaransa ambacho hakimkai vizuri mdomoni, anadiktiwa ufafanuzi wa mistari minne, na mtihani unamwambia aurudishe ulivyo. Kukariri na kukopia vinatoa kopi ileile, kwa nini asichague njia fupi? Badilisheni swali. Badala ya "Fafanua osmosi", ulizeni: "Vipande vya kiazi vimewekwa saa moja kwenye maji yenye chumvi nyingi, vimelegea. Maji yamekwenda wapi na kwa nini? Vikirudishwa kwenye maji matupu, nini kitatokea?" Karatasi ya mfukoni yenye ufafanuzi haina msaada mkubwa hapo. Kusahihisha kunachukua muda zaidi, najua, na kwa mwalimu wa madarasa sita huo si muda mdogo.

Juu huku chuoni ni hadithi nyingine. TFC (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) inayochapwa na kupangwa kurasa kwenye sekretaria (duka la kuchapa) ni halali, mikono tu ndiyo imekodiwa. TFC inayoandikwa hukohuko, na uchunguzi ambao hakuna aliyeufanya, ndiyo inayomaliza diploma zetu. Msimamizi anaweza kuikamata bila programu yoyote: aombe fomu zenyewe za uchunguzi kabla ya kusoma sura ya tatu. Fomu 100 zilizojazwa kwa biki moja, alama ya tiki yenye mkia uleule, hakuna hata moja iliyokunjwa wala kuchafuka, hakuna aliyeacha swali wazi. Watu wa kweli huwa wanaacha maswali wazi.

Mwalimu_wa_Katuba

Aksanti sana. Mpango wa ABC-DAB-CDA nimeuchora, unasimama. Bado nina maswali mawili. Sifuri ibaki au iondoke? Na ChatGPT: kuna mwenzetu amependekeza tuwe na programu ya kutambua maandishi ya mashine.

Kifaransa_Ruashi

Hiyo programu msiinunue, wala msitumie ile ya bure. OpenAI wenyewe, waliotoa ChatGPT mwezi wa Novemba 2022, waliondoa chombo chao cha kutambua mwezi wa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu vyombo saba kwa insha za Kiingereza za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, ziliitwa za mashine. Sababu inaeleweka. Anayeandika lugha ya kujifunza anatumia maneno machache, sentensi fupi zinazofanana, na hicho ndicho chombo kinachokitafuta. Uchunguzi ulikuwa wa Kiingereza, lakini fikirini kopi ya Kifaransa ya mtoto wa Ruashi. Mtamhukumu yule aliyehangaika mwenyewe.

Linalofaa ni hili. Insha ianze darasani: dakika 20, mpango na aya ya kwanza kwa mkono, mwalimu aweke saini pembeni. Nyumbani aendelee. Siku ya kurudisha, brouillon iambatanishwe. Kopi safi isiyo na brouillon inasahihishwa kwa nusu ya pointi, na hilo liwe limetangazwa mapema. Kisha chagua kopi tano, uliza maswali mawili kwa kila moja. Mtoto ameandika "force est de constater que" ("ni lazima kukubali kwamba"): mwambie aitumie kwenye sentensi nyingine, sasa hivi. Hahitaji kujua sarufi yake. Kama ni yake, au hata kama aliikuta mahali akaielewa, atajaribu kitu. Kama imetoka kwenye telefone moja kwa moja, ataitazama kama anaiona mara ya kwanza.

Katika kanuni tenganisheni: kutafuta maana ya neno au kusahihisha makubaliano ya kitenzi, ruhusa. Kuomba mpango, aya au kazi nzima, hapana. Kutafsiri aya iliyoandikwa kwanza kwa Kiswahili iko katikati. Mimi naruhusu mwaka wa kwanza wa humanite (sekondari ya juu) na kukataza baadaye, wengine wana maoni yao.

Prefe_Kampemba

Kuhusu sifuri, fanyeni hesabu kwanza. Muhula una vipindi viwili vya pointi na mtihani, kwa hiyo somo lenye 20 kwa kila kipindi lina 20 + 20 + mtihani 40, jumla 80 kwa muhula. Ukiweka sifuri kwenye mtihani, hata mtoto aliyepata 20 kwa 20 vipindi vyote viwili anabaki na 40 kwa 80, yaani 50% kamili. Aliyepata 12 na 13 anaangukia 25 kwa 80 na muhula wa pili hautoshi kirahisi kumwinua. Kwa hiyo sifuri ya mtihani ni karibu sawa na kumwangusha somo la mwaka, na wakati mwingine ni kwa kutazama swali moja. Sifuri ya interro ni kitu kingine kabisa, inabebeka.

Mimi napendekeza hivi: sehemu iliyokopiwa ipate sifuri, iliyobaki isahihishwe, na pointi za mwenendo zishuke. Bulteni yetu ina mahali pa mwenendo, patumike kwa kazi yake. Akirudia, sifuri ya mtihani mzima na baraza la nidhamu.

Lakini adhabu yoyote inaanguka kama kumshika kulifanywa vibaya. Msichane kopi, msipige kelele. Chukua karatasi ya ushahidi, piga mstari wa biki nyekundu chini ya neno la mwisho aliloandika kwenye kopi, andika saa pembeni, mpe karatasi nyingine aendelee. Akiachwa aendelee, mzazi hawezi kusema mtoto alinyimwa muda, na ninyi mna sehemu safi ya kusahihisha. Kwenye PV (ripoti ya tukio) andika ulichoona: "saa 3 na dakika 10, alikuwa na karatasi ya kopi ya mraba chini ya paja la kulia." Usiandike "alikuwa na nia ya kudanganya", nia haionekani. Wasimamizi wawili wasaini, mtoto aandike maneno yake mwenyewe mistari miwili au mitatu, hata kama anakana. Titulere (mwalimu msimamizi wa darasa) na mkurugenzi wa nidhamu wamsikilize siku hiyohiyo, kabla hadithi haijakomaa.

Fizikia_BelAir

Prefe, kwa heshima, sifuri ya sehemu tu inanipa shida. Mwenye akili ya biashara atajaribu kila swali gumu: akishikwa anapoteza pointi ambazo hakuwa nazo, asiposhikwa anazipata. Mwenendo hauingii kwenye asilimia. Afadhali arudie mtihani mwingine, na apewe si zaidi ya 20 kwa 40.

Na tahadhari kwa wanaohukumu kwa kulinganisha kopi baada ya mtihani. Majibu sahihi yanayofanana hayasemi kitu. Yanayosema ni makosa yanayofanana. Kwenye item zenye majibu matano, makosa ni manne. Wawili waliokosa swali kwa kubahatisha wana nafasi moja kati ya nne ya kuangukia kosa lilelile. Makosa manane yanayofanana yote, kwa bahati tu, ni moja kati ya 65,536. Inavutia, ila haijakamilika: makosa hayachaguliwi sawasawa, jibu moja huwa linawavuta wengi. Kama darasa lote lilidiktiwa fomula yenye kosa, watoto 30 watakosa kwa namna moja bila kutazamana. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu, hesabu wangapi darasani walichagua kosa hilohilo, kisha tazama orodha ya nafasi. Wawili waliokaa pande mbili za chumba, achana nao.

Prefe_Kampemba

Hoja ya biashara naikubali kwa mtihani. Kurudia na 20 kama kikomo ni sawa, mradi mtihani wa pili uwe tayari umeandikwa na umefungwa kwenye bahasha kabla ya wa kwanza. Ukiandikwa baada ya tukio, mwenye hasira ndiye atakayeutunga.

Mwalimu_wa_Katuba

Aksanti, nimechukua yote kwa rasimu. La mwisho: telefone tunaziweka kwenye kikapu mbele, lakini wengine wanaleta mbili.

Kasapa_L2

Ile ya kikapuni mara nyingi ni mbovu, skrini imepasuka na betri haipo. Dai kila moja iwashwe kabla ya kuingia kikapuni. Ile ya pili haiwekwi juu ya meza, iko kati ya mapaja. Msimamizi wa nyuma ataona kichwa kinachoinama kila baada ya dakika na mkono mmoja tu juu ya benchi. Andikeni kwenye kanuni "mikono yote miwili juu ya benchi". Kuhusu majibu ya Exetat yanayouzwa WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani, waambieni finaliste waulize ni ya série ipi. Jirani zako wanapata série nyingine na yako hutaijua mpaka ukae, kwa hiyo anayekuuzia orodha moja ya majibu anauza karatasi tu.